Injini ya van imekufa na dila anataka dola elfu nane: mwongozo kamili wa kuibana kampuni ilipe

Naandika hii kwa wenzangu tulioko Marekani, hasa wenye watoto wanne watano ambao gari dogo haliwatoshi, wenye van ya kanisa, wanaobeba watu eapoti na kwenye misiba. Van ndo gari yetu, hatuna ujanja. Na van ikifa injini ikiwa bado ina deni la benki, hapo ndo utajua Marekani sio Ulaya ya kwenye picha.

Yangu ilikufa Jumapili jioni kwenye I-45, tunatoka Galveston kurudi Houston, watoto nyuma wamelala, odomita inasoma maili 71 elfu na kitu. Taa ya injini ikaanza kuwakawaka, gari ikatetemeka kama bajaji iliyoingia maji, halafu ikaja sauti ya ngo ngo ngo kama mtu anagonga sufuria na mwiko, ikazima. Dila, yani muuzaji wa magari (simtaji, wala kampuni iliyotengeneza gari siitaji), akaniambia injini imenoki, waranti yako iliishia maili 60,000, bei dola 8,700, unalipaje? Sikulipa. Wiki tisa baadae kampuni ililipa injini yote na sisi tukatoa dola 1,900 za kazi ya kuifunga. Sikupiga kelele, sikuwa na wakili, nilikuwa na faili la plastiki lenye risiti za oili na namba ya kesi, basi.

Kitu kimoja ukikielewa mapema utajiokoa: dila na kampuni ni watu wawili tofauti. Dila ni mfanyabiashara wa mtaani aliyeruhusiwa kuweka jina la kampuni kwenye bango. Akikwambia "haiwezekani" amesema yeye, kampuni bado haijasema kitu. Wengi wetu tunaishia pale kaunta, tunainamisha kichwa tunaenda kukopa.

HATUA YA 1: Zima gari, toa simu, piga picha

Taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la kijibirika, ikiwaka ukiwa barabarani, toka pembeni zima hapo hapo. Usiseme nifike tu nyumbani ni maili mbili. Maili mbili bila presha ya oili zinatosha konrodi (mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki) kutoboa bloku ya injini, na kampuni watasema uharibifu umeuongeza wewe, na watakuwa na haki. Ile ya njano ya injini ikiwaka imetulia unaweza kufika gereji polepole, ila ikiwa inawakawaka maana yake gari inamisi vibaya na petroli isiyoungua inaenda kuua katalitiki (kile kisafisha moshi kwenye ekzosi), nayo ni hela nyingine ndefu.

Piga picha odomita, taa zote za dashibodi, kijiti cha kupimia oili ukiwa umekifuta kwenye tishu nyeupe, na chini ya gari kama kuna kilichomwagika. Kama injini bado inawaka na oili ipo, rekodi video fupi yenye sauti, sekunde 20 zinatosha, halafu zima. Oili ikiwa haipo kabisa, usikimbilie kujaza halafu ukasema ilikuwepo, fundi akifungua ataona beringi zilivyobadilika rangi kwa joto na hapo umeshaharibu neno lako, hawatakuamini hata kwenye lile la kweli. Risiti ya gari la kuvuta itunze, hiyo nayo unaweza kudai.

HATUA YA 2: Jua imekufa kifo gani

Sio lazima uwe fundi, ila ukiongea na kampuni ukasema tu "gari yangu mbovu" watakupangia foleni. Maduka kama AutoZone wanasoma kodi za kompyuta ya gari (zile namba za hitilafu) bure, nenda ukasomewe au kamwombe mtu mwenye kile kimashine, andika namba zote. P0300 ni kumisi kwa jumla, P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, unaendelea hivyo hivyo.

Sasa nikupe vifo vinavyojulikana vya hizi van, maana ukikuta chako kimo humu nusu ya kazi imeisha.

Kunoki kwa beringi za konrodi. Novemba 2023 Honda waliita magari 248,999 hapa Marekani yarudi kwa sababu pini za kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) hazikusagwa sawasawa kiwandani, beringi za konrodi zinachakaa kabla ya wakati, injini inagonga, inazima barabarani, wakati mwingine inatoboka. Odyssey za 2018 na 2019 zimo kwenye hiyo orodha pamoja na Pilot, Ridgeline na baadhi ya Acura zenye V6 ya lita 3.5. Dila anakagua na kutengeneza au kubadilisha injini bure. Hapa kuna kitu cha kukisoma mara mbili: Novemba 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya serikali, NHTSA, wakafungua uchunguzi wa magari takriban milioni 1.4 yenye injini hiyo kwa sababu watu ambao gari zao HAZIKO kwenye orodha walikuwa wanalalamikia tatizo lile lile. Kwa hiyo ukiambiwa gari yako haimo, usiondoke kimya, una la kusema.

Kumisi kwa sababu ya oili. Odyssey za 2008 hadi 2013 zina ule mfumo wa kuzima silinda kadhaa ukiwa hayiwei ili kuokoa mafuta. Wenye magari wakalalamika oili inapita kwenye ringi, plagi zinachafuka, gari inamisi. Ikafunguliwa kesi ya kundi (watu wengi wanashitaki kwa pamoja), wakamalizana, na waranti ya tatizo hilo tu ikarefushwa hadi miaka 8 tangu gari iliponunuliwa mara ya kwanza. Miaka hiyo imeshapita ila kaa na huo mfano kichwani, narudi nao chini.

Silinda hedi ya kushoto. Dodge Grand Caravan na Chrysler Town & Country za mwanzo zenye Pentastar V6 ya lita 3.6, unapata kodi P0302, P0304 au P0306, sauti ya tik tik, nguvu inapungua. Chrysler walirefusha waranti ya hedi hiyo kwa magari ya 2011 hadi 2013 mpaka miaka 10 au maili 150,000. Watu wangapi walionunua mkono wa pili walilipa hela yao mfukoni bila kujua hii kitu ipo? Mi namjua mmoja, nikimtajia mpaka leo anabadilisha mada.

Tope. Hii ni ya zamani ila ndo baba wa zote. Toyota Sienna za mwisho wa miaka ya tisini mpaka 2002, V6 ya lita 3.0, oili ilikuwa inaganda kama jeli inaziba njia zake. Mwanzoni wenye magari waliambiwa kosa lao, hawabadilishi oili. Wakaandika, wakalalamika, wakatunza risiti, na mwaka 2002 Toyota wakatoa mpango wa miaka 8 bila kikomo cha maili, uliohusu magari yao na ya Lexus kama milioni 3.3. Yani kutoka "kosa lako" mpaka "tunatengeneza bure". Kilichowageuza ni wingi wa malalamiko yaliyoandikwa.

Halafu kuna vifo ambavyo nakwambia ukweli hutalipwa. Taimingi belti imekatika na hujawahi kuibadilisha (hizo V6 za Honda zinatumia belti na inabadilishwa karibu na maili 100,000, ikikatika valvu zinapiga pistoni), injini imechemka kwa sababu rejeta ilikuwa inavuja mwaka mzima unajaza maji ya bomba, au umeendesha maili 20,000 kwa oili ile ile. Hapo tafuta injini ya mkono wa pili, usipoteze muda na huu mwongozo.

HATUA YA 3: Ingiza namba ya chesisi

Namba ya VIN ina tarakimu na herufi 17, iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, pia kwenye mlango wa dereva na kwenye kadi ya bima. Ingia nhtsa.gov sehemu ya recalls, iandike. Utapata mambo ambayo watu wanayachanganya:

Rikoli ni kampuni kuita gari zirudi kwa sababu za usalama. Ni bure, hata kama wewe ni mmiliki wa tano, hata kama maili ni laki mbili, ilimradi siku rikoli inatangazwa gari ilikuwa haijapita miaka 15 tangu iuzwe mara ya kwanza. Kwenye hili hakuna kubembeleza, ni sheria.

Waraka wa mafundi, unaitwa TSB, ni barua ambayo kampuni inawatumia madila kuwaambia "mkiona dalili hizi tatizo ni hili na mtengeneze hivi". Huu haumaanishi bure! Watu wengi wanapata waraka wanakimbia nao kaunta wanacheka, wanarudi wamenuna. Kazi yake ni ushahidi, yani kampuni wenyewe wanalijua tatizo. Kwenye tovuti ile ile ziko chini ya mawasiliano ya kampuni, tafuta zenye mwaka na modeli yako, pakua, printi.

Nyongeza ya waranti ndo ile ya Chrysler na Honda niliyosema. Haitokei kama rikoli ukiingiza VIN, inabidi uichimbe kwenye hizo nyaraka au uwaulize kampuni moja kwa moja: je, kuna mpango wowote au nyongeza ya waranti kwa VIN hii? Uliza kwa maneno hayo hayo. Barua zake zinatumwa kwa mmiliki anayejulikana kwenye rekodi, na we ukinunua gari kwa mtu halafu ukahama apatimenti mara mbili, barua imeenda kwa nani?

Ukiwa hapo hapo soma na malalamiko ya wenzako wenye gari kama yako. Hesabu yanayofanana na la kwako, piga skrinshoti.

HATUA YA 4: Piga hesabu ya waranti vizuri

Toyota, Honda na Chrysler kwa kawaida wamekuwa wakitoa waranti ya injini na gia boksi miaka 5 au maili 60,000, kinachotangulia kufika. Saa inaanza kuhesabu siku gari ilipoanza kutumika, sio mwaka ulioandikwa kwenye modeli. Van ya 2021 inaweza kuwa iliuzwa katikati ya 2022. Muulize dila yoyote akuangalizie hiyo tarehe kwa VIN, inamchukua dakika moja.

Kia wanatangaza miaka 10 na maili 100,000, sawa, ila hiyo ni ya mmiliki wa kwanza, ukinunua mkono wa pili unabaki na 5 na 60,000. Ukinunua iliyothibitishwa na dila wa kampuni yenyewe ni habari nyingine, angalia karatasi zako.

Na sasa lile ambalo hatupendi kulisikia. Gari ya mnada yenye hati ya salvage (bima waliihesabu imeharibika kabisa) au iliyojengwa upya, waranti ya kampuni imekufa. Wengi tunazichukua kwa sababu ya bei, nami niliwahi, siwalaumu. Rikoli ya usalama bado inafaa kuiulizia, lakini usitegemee msaada mwingine.

Kama uliuziwa ile waranti ya pembeni wakati unasaini mkopo, itafute leo. Usisahau unailipia kila mwezi ndani ya mkopo, soma inafunika nini kabla hujahangaika na kampuni.

HATUA YA 5: Kusanya karatasi za oili

Hapa ndo kesi inashindwa au inashinda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la kwanza la kampuni litakuwa oili ulibadilisha lini na wapi. Dila anaweza kukwambia kwa vile hukubadilishia kwake basi waranti imevunjika. Sio kweli. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inaitwa Magnuson-Moss, kampuni haiwezi kukulazimisha utumie gereji yake au spea zake ili waranti isimame, isipokuwa kama wanakupa bure. Unaweza kubadilishia Walmart, kwa fundi Mmeksiko wa mtaani, au mwenyewe kwenye parking. Unachotakiwa ni kuthibitisha ilifanyika.

Umepoteza risiti? Usikate tamaa. Rudi kila ulipowahi kubadilishia na VIN au namba ya pleti, wengi wana rekodi kwenye kompyuta wanakuprintia. Angalia ripoti ya Carfax (historia ya gari), gereji nyingi zinapeleka taarifa zao kule. Kama ulikuwa unabadilisha mwenyewe, ingia kwenye akaunti ya benki utafute ulinunua lini oili na filta, printi, pembeni andika tarehe na maili. Fundi wa mtaani asiyetoa risiti mwombe akuandikie karatasi na asaini, ila iwe kweli, usimwambie abuni tarehe, mtu akiona kalamu moja na mwandiko mmoja kwenye risiti sita za miaka mitatu anajua.

Panga yote kwenye jedwali la ukurasa mmoja: tarehe, maili, wapi, oili gani. Mke wangu ndo alitengeneza letu, na yule wa kampuni alisema kwenye simu kwamba ni watu wachache wanamtumia kitu kama hicho. Nikajua tumeshaingia ndani.

HATUA YA 6: Peleka kwa dila, lakini usiruhusu injini ifunguliwe ovyo

Ndio, kwa dila, hata kama fundi wako ni hodari kuliko wote. Kampuni inataka vipimo kutoka kwa dila wake. Ukiruhusu gereji ya mtaani ifungue injini kabla ya kampuni kuiona, umefuta ushahidi, na hili ndo kosa kubwa tunalofanya, tunaita fundi rafiki yetu Jumamosi, anamwaga oili, anatoa sampo (bakuli la oili chini ya injini), vipande vya beringi vinaenda na takataka.

Pale kaunta wataandika karatasi ya kazi. Sehemu ya malalamiko ya mteja hakikisha wameandika ulichosema, sio walichofupisha. "Gari inapiga kelele" haitoshi. Sema: taa iliwaka tarehe fulani, maili kadhaa, nikazima hapo hapo, sauti ya kugonga kutoka chini ya injini, kodi hizi. Soma kabla ya kusaini. Kiingereza kikikupiga chenga nenda na mtu, hata mtoto wa sekondari, hakuna aibu.

Uliza kwa maandishi kupima ni bei gani, na kama wakitaka kufungua nani analipa kampuni ikikataa. Kufungua injini peke yake inaweza kuwa dola elfu na zaidi. Mwambie usifungue mpaka nifungue kesi na kampuni. Mwambie pia unataka picha za kila kitakachoonekana na unataka spea mbovu zitunzwe. Filta ya oili waikate waangalie kama ina vyuma vinavyong'aa, wapige picha.

Na umheshimu yule mtu wa kaunta. Jina lake lishike, msalimie. Yeye ndo atakayeulizwa na kampuni "huyu mteja yukoje?" Meneja wa huduma anaweza kukuombea kwa mwakilishi wa kampuni wa eneo lenu, kuna kitu wanaita gudwili, yani kampuni inalipa yote au sehemu japo haidaiwi kisheria. Omba kwa jina hilo hilo, gudwili. Hawaitangazi.

HATUA YA 7: Piga simu kampuni yenyewe

Namba iko kwenye kitabu cha gari. Piga asubuhi, kalamu mkononi. Maneno yangu yalikuwa karibu hivi, we utayaweka kwa Kiingereza chako:

"Jina langu fulani, VIN ni hii. Injini imeharibika ikiwa na maili 71,000. Oili nimebadilisha kwa wakati na rekodi zote ninazo. Dila amepima na kukuta hiki. Nimeona waraka wenu namba hii unaozungumzia tatizo kama hili. Naomba mfungue kesi na mnisaidie gharama za kubadilisha injini."

Halafu nyamaza. Usianze kueleza shida za nyumbani, kodi ya nyumba, mama mgonjwa Moshi. Zipo, zinauma, lakini yule wa simu hana kisanduku cha kuziandika. Usitishie wakili siku ya kwanza, baadhi ya kampuni ukisema neno wakili tu wanahamishia faili kitengo cha sheria na yule aliyekuwa anaongea na wewe hawezi tena kukusaidia.

Kabla hujakata chukua namba ya kesi, jina, na siku watakayokurudia. Jioni tuma imeili: "leo tumeongea, umesema hivi na hivi, kesi namba hii, nategemea jibu Ijumaa". Ijumaa wasipopiga, piga wewe. Mi nilipiga simu 14, na nina daftari la kila simu. Kama umewahi kununua gari zaidi ya moja ya kampuni hiyo, au umeshatengenezea pale kwa dila, waambie, hilo linahesabika kwenye gudwili. Waombe pia gari la kukodi wakati unasubiri, mbaya zaidi watasema hapana.

HATUA YA 8: Wakikataa

Jibu la kwanza mara nyingi ni hapana. Omba hiyo hapana kwa maandishi na sababu yake, halafu omba supavaiza. Sababu ikiwa "waranti imeisha" jibu lako ni waraka na malalamiko ya wengine. Ikiwa "hukutunza gari" jibu ni jedwali la oili.

Kisha andika barua ya ukurasa mmoja, itume kwa barua ya rejista yenye kadi ya kurudisha saini, kwa ofisi kuu ya kampuni Marekani. Kilichotokea, unachodai kwa dola, viambatanisho, siku 30 za kujibu. Matusi hapana.

Wakati huo huo lalamika NHTSA kwa VIN yako, ni bure, wao hawataidai kampuni kwa niaba yako, lakini rikoli zinaanzia kwenye hayo malalamiko, kumbuka ule uchunguzi wa magari milioni 1.4. Lalamika pia kwa mwanasheria mkuu wa jimbo kitengo cha walaji, wataipelekea kampuni barua na kampuni nyingi zinajibu.

Kuna usuluhishi. Kutegemea kampuni, ni BBB AUTO LINE au NCDS (mashirika yanayosuluhisha wateja na kampuni za magari bila mahakama), kitabu cha waranti kinasema upi. Hulipi kitu. Kwa AUTO LINE, uamuzi unaifunga kampuni pale wewe ukiukubali, usipoukubali unaendelea na njia nyingine. Ila kwa kawaida wanasikiliza mambo ya gari iliyo ndani ya waranti au tatizo lililoripotiwa waranti ikiwa hai, na hapa ndo utaona faida ya ile karatasi ya dila ya miaka miwili nyuma iliyosema "mteja analalamika sauti, hatujaona tatizo". Umewahi kupewa karatasi kama hiyo? Ni dhahabu. Sisi tuko Texas, na idara ya magari ya jimbo ina utaratibu wake wa malalamiko ya waranti kwa kesi za namna hiyo, mbali na ile sheria ya magari mapya mabovu. Majimbo mengine yana yao, angalia la kwako.

Mwisho ni mahakama ya madai madogo, huna haja ya wakili. Kikomo kinatofautiana sana, Texas dola 20,000, Ohio 6,000. Mawakili wa sheria ya waranti nao wapo, na Magnuson-Moss inaruhusu kampuni ikishindwa iamriwe kulipa wakili wako, ndo maana wengi hawakuchaji kwanza, ila wanachagua kesi. Angalia pia kama kuna kesi ya kundi kwa modeli yako, tena tazama tarehe ya mwisho ya kuomba, hizo zinapita kimya kimya.

HATUA YA 9: Wakikupa nusu

Walianza kwetu na asilimia 50 ya injini bila kazi. Nikashukuru, nikasema nitafikiri, nikarudi siku ya pili na waraka na maili 11,000 tu nje ya waranti, nikaomba injini yote. Wakakubali. Mazungumzo ya bei ya Kariakoo yanafanya kazi hata huku, ila sauti ya chini.

Kabla ya kusema ndio uliza ni injini mpya, iliyojengwa upya kiwandani au ya mkono wa pili, ina waranti ya miezi mingapi, gasketi na kulanti na plagi nani analipa. Karatasi ya kusaini isome, nyingine inasema hutadai kitu tena daima. Na muuzaji akija kukwambia achana na hiyo, tukuchukulie gari mbovu kwa dola 3,000 uchukue van mpya, jua anachokitaka ni mkopo wako mpya wa miezi 84, sio kukusaidia.

KAMA ULISHALIPA

Ulilipa mwaka jana na leo rikoli imetoka? Kampuni inatakiwa iwe na utaratibu wa kurudishia hela waliotengeneza kabla, ndani ya muda wake. Barua ya rikoli inaeleza, unahitaji risiti yenye VIN, kilichotengenezwa na uthibitisho wa malipo. Nyongeza za waranti nazo mara nyingi zina fomu hiyo.

NA WA NYUMBANI

Mnaniuliza Noah na Alphard za kutoka Japani inakuwaje. Gari imekuja mkono wa pili, usitegemee waranti ya kiwandani. Ila namba ya chesisi unaweza kuiangalia kwenye tovuti ya Toyota ya Japani kama ilikuwa na rikoli ambayo haikufanyika, fanya hivyo KABLA ya kumtumia muuzaji hela, ikiwa bado iko Japani mwambie aipeleke ikatengenezwe ndo ipande meli.

Sisi injini mpya ilipofungwa oili ya kwanza niliibadilisha maili 1,000, risiti ikaingia kwenye faili lile lile. Faili liko chini ya siti ya dereva, kwenye mfuko wa plastiki, mtoto wa mwisho alishamwagia juisi mara moja.